Pete Iliyoandikwa Nakuponda

Sonara hakuja na ugomvi. Angekuja na ugomvi, Mama Sisimizi angejua namna ya kumpokea, maana wateja wakali alikuwa amewazoea kuliko wapole. Alikuja akicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, akaiweka pete mezani na kumwomba asome mwenyewe kilichoandikwa ndani.

Mama Sisimizi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Akaigeuza pete kuelekea dirishani. Bwana harusi alikuwa ameagiza neno moja tu, lile ambalo kila bwana harusi huliagiza akidhani yeye ndiye wa kwanza kulifikiria: Nakupenda. Ndani ya pete ile, kwa herufi ndogo za mlazo zilizopangwa vizuri kabisa, palikuwa pameandikwa Nakuponda.

"Bahati yetu bibi harusi hajaiona," sonara alisema. "Angeyajua ya ndoa mapema mno."

Kisha akaacha kucheka, akaeleza. Pete ile ilikuwa imepunguzwa mara mbili ili ikitoshe kidole, dhahabu yake sasa nyembamba. Ingevumilia kufutwa na kung'arishwa mara moja tu. Ikikosewa tena, itabidi ayeyushe aanze upya, na harusi ni Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alimwachia pete ikiwa na neno lake lile lile, afute mwenyewe na kuandika mwenyewe, akasema atapita Ijumaa asubuhi. Alipofika barabarani alianza kucheka tena, na Mama Sisimizi alimsikia mpaka alipokata kona.

Yeye hakucheka. Alikaa akiitazama ile herufi iliyomgeuka. Alikuwa na hakika kwamba aliikata e. Alikumbuka kabisa akiona kile kimstari cha katikati kinachoitofautisha e na o. Aliona kimekatwa, akaridhika, akahamia kwenye n. Na sasa hakipo.

Mwanamke huyu alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini na mitano kati ya hiyo aliimaliza kwenye meza moja, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, akichonga maandishi kwenye madini. Vikombe vya washindi, medali, migongo ya saa, vibao vya shaba vya milangoni, pete. Kazi yake aliifanya kwa kalamu, si ya wino bali ya chuma kilichonolewa ncha, ambayo husukumwa kwa kiganja mpaka ichane uzi mwembamba wa dhahabu. Jina la Sisimizi alipewa na wateja kwa sababu ya udogo wa herufi zake. Lile la ubatizo lilibaki kwenye vyeti tu, na hata shemeji zake walikuwa wamelisahau.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Mzee alikuwa fundi wa kuogopwa. Alikuwa na neno lake moja alilolirudia kama mtu anayepiga msumari: "Mkono haudanganyi." Alimaanisha kwamba fundi anaweza kumhadaa mteja kwa maneno, lakini mkato uliopo kwenye chuma utamsema tu. Basi siku moja, akiwa na miaka hamsini na saba, mzee huyo alichonga jina la mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu, kalamu ikamponyoka, ikachana mgongo wa saa kutoka herufi ya tatu hadi ukingoni. Wiki iliyofuata ikamponyoka tena. Hakumuuliza mtu wala hakutafuta tabibu. Alizifunga kalamu zake kwenye kitambaa, akamkabidhi binti yake, akasema mkono umekwisha. Tangu hapo, miaka ishirini na mitatu, alikuwa akikaa barazani na redio yake, akiwakosoa watangazaji.

Mwakani Mama Sisimizi angetimiza hamsini na saba.

Alikuwa akijihesabia hiyo miaka bila kumwambia mtu. Kwa mwaka mzima na kitu, herufi zilikuwa zikimkosea. Mkia wa y umepita mpaka. Nukta imeangukia pembeni. Alianza kukataa kazi ndogo ndogo akisingizia ana nyingi, na kazi kubwa za vibao, ambazo hata mtu aliyefungwa kitambaa machoni angezifanya, akazipokea zote. Kila asubuhi bafuni alinyoosha mkono wa kulia, akaweka sarafu juu yake, akaitazama kama inatikisika. Siku nyingine haikutikisika. Siku nyingine aliona imetikisika. Anayetafuta ugonjwa haukosi.

Kwa hiyo, pete ilipokuwa imelala pale mezani na kosa lake, aliamua. Angeifuta, angeiandika kwa uwezo wote uliombakia, halafu angemwambia sonara atafute fundi mwingine. Baba aliacha kwa heshima, naye ataacha kwa heshima. Alipofikia uamuzi huo alijiona amepata utulivu, lakini ulikuwa utulivu wa mtu aliyekwisha kusikia hukumu yake.

Mumewe hakumwacha autunze utulivu huo hata saa mbili. Alikuwa fundi wa friji, na watu walimwita Baridi, jina lililomkaa sawasawa kwa sababu hakuna jambo lililowahi kumchemsha. Wakati wa chakula alimwona mkewe anageuza geuza kijiko, akamuuliza ana nini. Mkewe akasema hana kitu. Baridi akaendelea kula, akamaliza, akanawa, akarudi akakaa pale pale. Alikuwa na subira ya kuchosha. Mwishowe Mama Sisimizi akayamwaga yote: pete, sarafu, baba, miaka, mkono. Alilia kidogo, akajikasirikia kwa kulia.

"Mama watoto," Baridi alisema, "friji ikikataa kugandisha, mimi sianzi kwa kuilaumu mota. Mota ni ya mwisho. Naanza kuangalia kama mlango unafunga."

Mama Sisimizi akamwambia yeye si friji. Baridi akakubali, lakini akamuuliza kama macho yake yanaona vizuri. Akajibu anaona. Akamuuliza anaonaje. Hapo mkewe akashikwa na kigugumizi, maana tangu lini mtu akaulizwa anaonaje. Akasema, kiasi cha kumnyamazisha, kwamba pengine angekuwa na darubini kama mafundi wa saa wa siku hizi ingesaidia. Baridi akaitikia, akachukua kofia, akaenda kazini.

Jumanne jioni alirudi na begi jeusi la ngozi, uso umejaa ushindi. Akalifungua mbele ya mkewe. Ndani palikuwa na darubini kweli: ile ya mapipa mawili inayoning'inizwa shingoni, ya kutazamia ndege na mipira ya uwanjani.

Mama Sisimizi akaitazama, akamtazama mwenye kuileta. Akamuuliza hii ni ya kuonea vitu vilivyo wapi. Mbali, akajibiwa. Akamuuliza kama pete iko mbali.

"Umesema darubini," Baridi alijitetea.

Kisha, ili kuokoa heshima ya safari yake, akaomba pete iwekwe juu ya kigoda, akarudi nyuma hadi mwisho wa uwanja, akasimama karibu na kamba ya kuanikia nguo, akajaribu kuisoma kutoka huko. Akasema anaona kigoda vizuri sana. Mama Sisimizi akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu, akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee barazani akapunguza sauti ya redio kusikiliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, akaongeza sauti kwa hasira.

Ilikuwa ni katika kumnyang'anya mumewe ile darubini ndipo alipoishika kinyumenyume. Alisogeza upande mdogo karibu kabisa na pete, kama upana wa kidole, akachungulia kwa jicho moja kupitia upande mkubwa. Na pete ikafunguka. Herufi ilijaa kioo kizima.

Baridi akamuuliza anaona nini, akaashiriwa anyamaze.

Mkono unaotetemeka huacha alama yake. Hili kila mchonga maandishi analijua: mkato unakuwa na mawimbi pembeni, kama mstari wa mtoto anayeandika kwenye gari. Mama Sisimizi alitafuta mawimbi kwenye ile o ambayo ingekuwa e. Hayakuwapo. Ukingo wake ulikuwa laini, umezunguka bila kusita, mkato wa fundi. Akatafuta kile kimstari cha katikati, hata mkwaruzo wake. Hakikuwapo pia. Hakikukatwa vibaya, hakikukatwa kabisa. Sasa alichokiona siku ile ni nini?

Hakuthubutu kufurahi. Lakini alikubali kesho yake waende wote wawili kwenye duka la vifaa vya maabara.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, aliyefanya kazi ya kupima damu hospitalini mpaka alipostaafu. Baridi alimweleza kwamba wanatafuta darubini, na safari hii si ya ndege. Mama yule akamkatiza kwa upole wa mwalimu: darubini huleta karibu kilicho mbali, inayokuza kilicho karibu ni hadubini. Baridi akamgeukia mkewe taratibu, na mkewe akajifanya anasoma bei.

Wakaanza kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ile ya maabara, yenye jicho moja na bamba la kuwekea kioo. Mama Sisimizi alikuwa amekuja na kalamu yake na kipande cha shaba. Akajaribu kuipenyeza kalamu chini ya lenzi, haikuingia. Palikuwa na nafasi ya kupitisha karatasi tu. Hata alipoinamisha akaingiza ncha peke yake, alisukuma kulia, ncha ikaenda kushoto. Alisukuma juu, ikateremka. Mwenye duka akacheka, akasema ile hupindua kila kitu, wadudu wa maji hawajali.

Ya pili ilikuwa na kioo kama televisheni ndogo. Mama Sisimizi aliipenda kwa dakika moja. Halafu akagundua kwamba picha inachelewa kidogo sana: mkono umeshafika, picha bado iko njiani. Kwa kutazama ni nzuri. Kwa kukata dhahabu, utakuwa umekwishakosea ndipo uone.

Ya tatu ilikuwa ya macho mawili, imening'inia kwenye mkono wa chuma, na chini yake nafasi ya kutosha kuweka hata kikombe cha chai. Hii haikupindua kitu. Kulia ilikuwa kulia. Mama Sisimizi akakaa, akasogeza macho, akashika kalamu vilevile alivyofundishwa, kiganja kimekumbatia mpini, kidole gumba kimeegemea shaba. Mwenye duka, kwa nia njema ya kuonyesha uwezo wa bidhaa yake, alikuwa ameizungusha mpaka mwisho, mara arobaini na tano.

Ncha ya kalamu ilikuwa inarukaruka kama maharage kwenye sufuria.

Mama Sisimizi akabana pumzi. Ikaendelea kuruka. Akakaza kiganja, ikazidi. Akaiweka kalamu juu ya kaunta, polepole, akakaa amepakata mikono.

"Basi," alimwambia mumewe. "Umeona mwenyewe. Ni ule ule wa Baba."

Baridi akainama akachungulia, ingawa hapakuwa na kitu tena cha kuona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya ndoa hakuwa na mfano wa friji. Mwenye duka akauliza kuna msiba gani. Mama Sisimizi akamwambia, kwa sauti isiyo na machozi wala chochote, kwamba mkono wake unatetemeka, ni wa kurithi, na anaomba radhi kwa kumpotezea muda.

Mama yule alichomoa pini kwenye kola ya gauni lake, akaishika kwa vidole viwili, akaiweka chini ya lenzi, akamwambia tazama.

Pini ilikuwa ikiruka kuliko kalamu.

"Mkono huu umetoa damu vichanga miaka thelathini," mwenye duka alisema. "Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika."

Akamwita Baridi alete mkono wake. Mkono wa Baridi ulikuwa tetemeko la ardhi. Mama Sisimizi aliutazama, akatazama tena, akainua kichwa.

"Kila mkono ulio hai unatetemeka, mama," yule mama alisema. "Usiotetemeka tunaufunika shuka."

Hapo ndipo Mama Sisimizi alipolia sawasawa, kwenye kaunta ya watu, mbele ya mteja aliyekuja kununua chupa za kupimia maziwa. Alilia kwa sababu ya sarafu za bafuni. Alilia kwa kazi ndogo ndogo alizozikataa, nzuri, alizozipenda. Mwenye duka akampa kitambaa, na alipokuwa anapenga kamasi akaizungusha hadubini kurudi chini, akaifungia kwa chini lenzi nyingine inayopunguza ukuzaji na kuongeza nafasi ya mikono, akasema kwa kazi ya kalamu mara saba hadi kumi inatosha, hizo nyingine ni za kutishia watu.

Kwenye mara kumi kalamu ilitulia. Mama Sisimizi akasukuma. Uzi wa shaba ukajiviringisha mbele ya ncha, unang'aa, mnene kama kamba, na nyuma yake mstari ukabaki umenyooka. Akakata mwingine sambamba nao. Akakata a. Akakata e, na kimstari chake cha katikati, akakitazama kana kwamba kitakimbia.

Kuhusu taa walibishana. Baridi alipenda ile ya duara inayovikwa hadubini shingoni, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kiufundi na ina kitufe. Mkewe akaijaribu juu ya shaba iliyong'arishwa, akaona duara jeupe limelala juu ya kazi yake na mikato yote imefutika, maana mwanga uliotoka kila upande haukuacha kivuli, na mkato usio na kivuli hauonekani. Akachagua taa mbili ndogo zenye shingo za kupinda, moja kila upande. Mwenye duka akamshauri azivike karatasi ya mafuta, ile ya kuokea keki, ili mwanga uwe mpana na usichome. Karatasi hiyo hakuiuza. Alimkatia kipande kutoka jikoni kwake nyuma ya duka.

Alhamisi walifunga mitambo. Baridi alitoboa meza, akakaza mkono wa chuma, akapima urefu wa kiti mara tatu mpaka mkewe akaweza kuchungulia bila kuinamisha shingo. Mama Sisimizi akaibana pete kwenye jiliwa, akaielekeza. Taa ndogo zilikuwa bado hazijaunganishwa, kwa hiyo akamwomba mumewe awashe ile kubwa ya juu.

Ile taa ya juu ina habari yake. Jirani alikuwa ameongeza ghorofa mwaka juzi, ukuta wake ukala nusu ya mwanga wa dirisha. Baridi, mume mwema, akanunua taa ndefu ya mrija, nyeupe kuliko zote dukani, akaifunga darini juu ya kiti cha mkewe, nyuma kidogo ya kichwa. Alijisifu nayo kwa wageni. Alisema usiku wa chumba kile sasa ni mchana.

Akaiwasha. Mama Sisimizi akachungulia, na papo hapo akasema, "Zima."

Akazima. "Washa." Akawasha. Baridi alizima na kuwasha mara sita bila kuambiwa sababu, jambo ambalo wanaume wachache wangelivumilia. Mwishowe mkewe akampisha kwenye kiti atazame mwenyewe.

Ndani ya pete, kwenye dhahabu iliyong'aa kama kioo, ule mrija wa taa ulikuwa umejiakisi: kimstari cheupe, chembamba, kilichonyooka. Kilikuwa kimelala katikati kabisa ya ile o. Taa ikiwaka, pete ilisema Nakupenda. Ikizimwa, ilisema Nakuponda.

Baridi akakaa pale akitazama kwa muda. Akapiga hesabu ya miezi tangu alipoifunga taa na miezi ya makosa ya mkewe, na hesabu zikalingana.

"Kwa hiyo mchawi ni mimi," alisema.

Mama Sisimizi akasema ndiyo, tena mchawi wa kununua vifaa kwa fedha zake mwenyewe. Alimshika bega alipokuwa anasema hivyo, kwa muda mrefu kuliko utani ulivyohitaji. Mrija ukashushwa mchana huo huo, ukahamishiwa jikoni.

Ijumaa alfajiri hakwenda na sarafu bafuni. Alikuwa ameshaifuta pete jana yake, akaing'arisha mpaka ikawa tupu. Alisogeza taa ya kushoto chini, ya kulia akaipeleka mbali, akaona mistari miwili aliyoichora kwa sindano kuongozea herufi, mipana kama barabara. Hakuharakisha wala hakujikaza. Herufi tisa zilimchukua muda wa kuchemsha maji mara mbili, na alipomaliza alibaki amekaa, kwa raha tu, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Sonara alipokuja akaisoma pete kwa kioo chake, akaisoma mara ya pili, akauliza kwa masikitiko ya uongo kama hakuna njia ya kurudisha lile neno la kwanza. Kisha akasema ana pete nyingine nne, alikuwa akiogopa kuzileta kwa sababu alisikia Mama Sisimizi siku hizi hapokei kazi ndogo. Mama Sisimizi akamwambia azilete.

Mzee aliingia baada ya sonara kuondoka. Jana yake alikuwa amesikia nyundo na kutoboatoboa, na hakuna aliyemweleza, jambo aliloliona ni dharau. Alisimama mlangoni na fimbo yake, miaka themanini, macho yote mawili yamesafishwa mtoto wa jicho mwaka uliopita, akaitazama hadubini kama mtu anayemtazama mkwe asiyemtaka. Zamani yeye hata miwani aliikataa. Alikuwa akisema fundi wa miwani ni kama mpishi wa kuonjewa.

Binti yake akamwomba akae. Akakataa. Akamwomba achungulie tu, akiwa amesimama. Akachungulia, na baada ya muda mfupi akavuta kiti kwa mguu, akakaa. Chini ya lenzi palikuwa na kipande cha shaba chenye e na a za juzi. Mzee alizitazama muda mrefu. Akasema e imekaa vizuri ila a imelewa. Halafu akanyoosha mkono pembeni, kiganja wazi, bila kuinua kichwa, kama alivyokuwa akifanya zamani, na Mama Sisimizi akamwekea kalamu humo.

Kalamu ikagusa shaba. Ikatulia. Ikasogea. Uzi mwembamba ukainuka mbele yake, ukajikunja, ukaanguka. Mzee alikata b moja yenye tumbo la mviringo, ya mtindo ambao hakuna anayeufundisha siku hizi, na hakuna mahali iliposita.

Akakata nyingine. Mikono yake, ikitazamwa kwa macho matupu, ilikuwa ya mzee wa kawaida, yenye mishipa na madoa.

"Kumbe yalikuwa macho," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Baba."

"Miaka ishirini na mitatu."

Mama Sisimizi aliogopa kwamba amemfungulia mzee wake kidonda ambacho kilikuwa kimekwisha kufunga, kwa ajili ya kushiriki naye furaha ambayo ilikuwa yake peke yake.

Lakini mzee alikuwa bado anachungulia, na sauti yake ilipokuja haikuwa ya majuto.

"Nilidhani nimekurithisha," alisema. "Kila asubuhi ukinimiminia chai, sikuwa natazama kikombe. Nilikuwa natazama mkono wako. Nilikuwa nasubiri uanze."

Mama Sisimizi aliweka kiganja mgongoni mwa baba yake. Miaka yote hiyo aliona mzee anakunja uso mezani asubuhi, akadhani chai haina sukari ya kutosha, na akaongeza sukari. Alitaka kumwambia kuhusu sarafu, kisha akaona hakuna haja.

"Hautetemeki, Baba."

"Naona," mzee alisema. "Sasa nisogezee taa, unanizibia."

Akamsogezea taa ya kushoto. Mzee akauliza hilo jina la hadubini ni lugha gani, akauliza kuna kazi gani kwenye droo, akasema zile pete nne za sonara zikija aachiwe moja, na kwamba apewe kiti chenye mgongo. Mama Sisimizi akasema sawa kwa yote. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando ya meza yake mwenyewe kungoja zamu.